Sifuri za Mama Eliza

Nilifika Karatu siku ya nne baada ya kuondoka Kiomboi, nikiwa nimekaa juu ya magunia matupu katika lori lililokuwa linarudi kufuata vitunguu. Usiku wa kwanza tulilala Katesh kwa sababu dereva alikuwa na shemeji yake pale. Wa pili tulilala Babati, ambako hakuwa na shemeji lakini alikuwa na sababu. Wa tatu tulilala Makuyuni kwa sababu ekseli ilikatika, na hiyo ndiyo sababu pekee niliyoielewa. Kesho yake mchana tukapita Mto wa Mbu na kuanza kupanda ukuta wa bonde. Kila kona ziwa Manyara lilizidi kushuka chini yetu, mpaka likawa kama sahani ya bati iliyosahaulika juani. Tulipomaliza kupanda nikaona mashamba mekundu yakipanda na kushuka mpaka macho yalipokoma, na mbele yake mlima uliojifunika ukungu.

"Msingida," utingo akaniambia, "funga mdomo, vumbi linaingia."

Sikuufunga. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, cheti cha kidato cha nne na koti la kaka yangu. Leo nina arobaini na sita, koti limekwisha, cheti sijui kiko wapi, lakini mdomo bado unabaki wazi nikikumbuka sehemu zile.

Vijana mnaotengeneza tovuti za kambi ndogo, za mafundi na za wauza asali, mmeniomba nieleze jinsi tulivyokuwa tunapima makadirio ya utafutaji. Mnaniita mstaafu, na mimi nakubali. Kazi hii humzeesha mtu haraka kuliko kupakia lori. Nitaeleza nilichokijua, ila nitaanzia kwenye vitunguu, maana huko ndiko nilikofundishwa.

Kule Mang'ola dalali hununua vitunguu vikiwa bado ardhini. Anasimama kando ya shamba, anatazama, anasema ni magunia mangapi. Dalali aliyeniajiri huko aliitwa Shabani, mtu mfupi mwenye sauti ya chini, ambaye wakulima walimwogopa kwa sababu hakukosea. Siku moja akanipeleka kwenye shamba akaniambia nikadirie. Nikasimama karibu na mfereji, nikang'oa vitunguu vitatu kwenye jaruba la kwanza, kila kimoja kikubwa kama ngumi. Nikahesabu majaruba yote, vile vitalu vilivyozungushiwa matuta, nikazidisha, nikataja idadi kwa sauti ya mtu aliyesoma. Shabani akanunua kwa neno langu. Siku ya kuvuna, magunia hayakufika hata nusu ya niliyosema.

Hakunigombeza. Alinikalisha juu ya rundo nikate majani ya vitunguu tangu asubuhi, machozi yakinitoka, na jioni ndipo akazungumza.

"Mfereji unabembeleza," alisema. "Jaruba la kwanza linakunywa maji, la mwisho linakunywa habari. Wewe umepima la kwanza."

"Sasa ningefanyaje, bosi?"

"Ingia katikati. Chagua jaruba usilolipenda. Ling'oe lote, lipime. Halafu ndiyo ufungue mdomo. Na mtu akikwambia gunia, muulize gunia gani. Kuna gunia, na kuna lumbesa lililoshonewa kofia juu. Yote yanaitwa gunia."

Nilikaa naye misimu michache, kisha miguu ikaanza kuniwasha. Ndivyo nilivyoumbwa. Nikapanda kurudi Karatu mjini na kuingia katika duka la Flora, nyuma ya soko, nikitafuta kazi yoyote.

Flora alikuwa anapiga picha za pasipoti, anachapa barua za watu na kutoa kopi, na juu ya hayo alikuwa amejifunza kutengeneza tovuti. Ni mdogo kwangu kwa umri, lakini katika kazi hii ndiye mwalimu wangu, na mpaka leo namwita hivyo. Yeye aliniita kaka, na nikikosea aliniita bwana vitunguu.

Kwa wasiojua, kazi yenyewe ni hii. Mtu popote alipo akiandika maneno mtandaoni kutafuta kitu, maneno yale yanahesabiwa na wenye mtambo wa kutafutia. Zipo programu zinazokwambia kwamba maneno fulani huandikwa takriban mara kadhaa kwa mwezi. Idadi hiyo ndiyo makadirio. Mwenye tovuti ndogo anaitazama ili aamue aandike ukurasa gani. Wengine, kama mtakavyoona, huitazama ili waamue wauze nini.

Siku ya kwanza Flora aliponionyesha, aliandika neno moja tu, Ngorongoro. Ikatokea namba ndefu kuliko namba yangu ya mtihani.

"Mwalimu, hawa wote wanatuulizia sisi?"

"Wanaulizia. Kama ni sisi, sijui."

Nilitoka nje nikasimama barabarani. Magari ya watalii yalikuwa yanapita kuelekea geti la Ngorongoro, mama mmoja alikuwa anapanga nyanya, na mimi nilikuwa nimeambiwa kwamba wakati huohuo, katika miji nisiyoweza hata kuitaja, kuna watu wameinamia simu zao wakiandika jina la mlima ule pale. Sikuwahi kufikiri kwamba kutamani kwa mtu kunaweza kuacha alama ikahesabiwa. Miaka mingi baadaye nilikuwa bado nastaajabu, na nawaambia ukweli, siku mtakapoacha kustaajabu mtaanza kukosea.

Programu hizi zina chekeche. Maneno yanayoandikwa na watu wengi hubaki juu, yanayoandikwa na wachache hupita kwenye matundu, na programu huweka sifuri au kistari. Haimaanishi hakuna mtu. Tulikuwa na fundi wa tairi pale njia ya getini. Programu ilisema hakuna anayemtafuta fundi wa tairi Karatu. Flora akamwandikia ukurasa mmoja kwa ubishi tu. Simu ya fundi ikaanza kulia, madereva waliokwama porini, mmoja akipiga huku ameshika jeki kwa mkono wa pili. Fundi alikuja dukani kulalamika.

"Flora, umenifanyia nini? Sipati nafasi ya kula."

"Programu inasema huna mteja hata mmoja."

"Basi iambie ije inisaidie kuziba pancha."

Halafu kuna ugonjwa wa wastani. Programu huchukua miezi kumi na miwili ikaisawazisha kama mtu anayekanda unga. Ukiisikiliza utadhani Karatu ina wageni wale wale Aprili, matope yakiwa magotini, kama Julai. Tafuteni mchoro wa mwezi kwa mwezi, na kama haupo, muulizeni anayefua mashuka ya kambi. Yeye anajua.

Na mkiwa na programu mbili, moja ikasema hamsini na nyingine mia tano, msichukue katikati. Zote mbili hazijui. Mimi nilizitumia kulinganisha, kwamba neno hili linaulizwa kuliko lile. Kuhesabia watu sikuzitumia tena, baada ya nitakayowaeleza sasa.

Mama Eliza alikuwa mjane wa makamo, mwenye kambi ndogo ya vyumba vinne na kiwanja cha mahema pembeni ya mji. Kwao ni Kansay. Huko alikuwa na shamba la mahindi na mbaazi, ng'ombe watatu, na kaburi la mumewe nyuma ya zizi. Tovuti yake niliitunza mimi. Kila nilipokwenda alinipa loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, kwenye bakuli la bluu, na kabla sijamaliza aliuliza, "Namba inasemaje, Msengi?"

Mwaka ule alitaka kujenga vyumba kumi zaidi mjini. Akaniomba nimtafutie kama wateja wapo. Nikakaa na programu, nikaandika kwa Kiingereza kambi Karatu, kambi za Karatu, kupiga kambi Karatu, mahali pa kupiga kambi Karatu, na mengine ya namna hiyo, jumla mistari saba. Kila mstari ukaniletea elfu moja kwa mwezi. Nikajumlisha. Elfu saba. Nikaiandika kwa kalamu nyekundu, nikaipigia mstari chini, nikampelekea.

Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo za kanisani.

"Nikipata hata mmoja katika mia," alisema, "vyumba kumi havitoshi."

"Havitoshi, Mama," nikasema mimi, mjuzi.

Baada ya wiki mbili akaniambia amepata pa kupatia mtaji. Shemeji yake, Sulle, mdogo wa marehemu, alikuwa amempata mnunuzi wa shamba la Kansay, mtu wa Arusha. Ukoo ungekaa baada ya mavuno ya mahindi, wiki sita mbele, na kama wote wangekubali, shamba lingeuzwa. Sulle aliniomba nikapige picha za shamba ili mnunuzi azione. Nikasema nitakwenda.

Nilirudi dukani nikitembea kama mtu aliyejenga hoteli. Flora akachukua karatasi yangu ya mahesabu, akaitazama kwa muda mrefu.

"Kaka, hizi elfu saba ni watu elfu saba, au ni elfu moja iliyovaa mashati saba?"

"Mistari ni saba, mwalimu."

"Fungua miezi."

Nikafungua. Mistari yote saba ilipanda mwezi uleule, ikashuka mwezi uleule, kwa idadi ileile. Hata mapacha hutofautiana kidogo. Programu ilikuwa imekusanya maneno yanayofanana ikayapa hesabu moja, ikaiandika hesabu hiyo mbele ya kila mstari. Nilikuwa nimehesabu gunia moja mara saba, kwa kulizunguka. Mimi, niliyefundishwa na Shabani.

"Na hiyo elfu moja yenyewe," Flora akaendelea, bila huruma, "humo ndani kuna wanafunzi wanaotafuta picha, kuna waliokwisha kulipia hoteli kubwa, kuna wenye makampuni wanaojitafuta wenyewe. Nenda kamwambie leo."

"Nipe muda."

"Wa nini? Ana kaburi kule, Msengi."

Alipoacha kuniita kaka nilijua hali ni mbaya. "Nataka ning'oe jaruba," nikasema. "Nikimwambia tu kwamba namba si kweli, ataniuliza ya kweli ni ipi, na sina."

Akanitazama kama anamtazama mtu aliyechanganyikiwa. Nikamweleza habari za Shabani. Akasema, "Wiki nne. Zikiisha hujaenda, nakwenda mimi."

Namna ya kung'oa jaruba katika kazi yetu ni hii. Unaandika ukurasa mmoja mzuri kwa neno moja unalotaka kulipima, unauweka kwenye tovuti, halafu unasubiri. Mwenye tovuti anaweza kuona ripoti yake mwenyewe, ukurasa umetokea mbele ya watafutaji mara ngapi, umefunguliwa mara ngapi, na waliandika maneno gani hasa. Hayo si makadirio. Ni vitunguu vyenyewe mkononi. Na ukishaujua ukweli wa ukurasa mmoja, unarudi kwenye programu unaona inadanganya kwa kiasi gani na kuelekea upande gani. Niliandika kurasa nne kuhusu kambi. Zikabaki siku za kusubiri, nikaenda kupiga zile picha za Sulle.

Mama Eliza alinipeleka mwenyewe. Tulishuka garini barabarani tukatembea, yeye mbele, akinionyesha alikochungia mbuzi akiwa msichana, mahali shule ya zamani iliposimama kabla haijahamishwa, jiwe walilokuwa wanaotea jua asubuhi za baridi. Nikapiga picha za shamba, za zizi, nikakwepa kaburi. Halafu akasema, "Twende mpaka mwisho, usije ukasema hukufika." Tukapita nyuma ya zizi, kwenye kijia chembamba cha mbuzi, kama nusu saa. Ghafla ardhi ikaisha. Chini kabisa, mbali, bonde la Eyasi lilikuwa limelala, jeupe kwa magadi, na kimya kilikuwa kikubwa kiasi kwamba nilisikia damu masikioni. Yeye alikuwa amepaona maisha yake yote, na bado alisimama akipatazama kama mgeni.

Wakati wa kurudi nilikumbuka maneno ya dereva mmoja aliyewahi kunichukua mpaka kwenye ukingo wa Ngorongoro, nikapige picha. Ukungu ulipofunguka nilitazama chini nikaona nyasi tupu. Nikamwambia lile shimo la kasoko halina kitu leo. Akanipa darubini. Katika zile nyasi tupu kulikuwa na nyati, na nyuma ya nyati nyumbu, na nyuma ya nyumbu vitu vinavyotembea ambavyo hata darubini haikuvimaliza. Nilikaa nayo mpaka mikono ikachoka. "Usiseme hakuna," dereva aliniambia. "Sema uko mbali."

Basi nikaandika ukurasa wa tano. Njia ya miguu ya Kansay, kutoka shambani mpaka ukingoni mwa Eyasi, na picha tatu. Nilipoiuliza programu, ikaweka kistari. Hilo ndilo lilikuwa jaruba nisilolipenda, katikati kabisa ya shamba, mbali na mfereji. Nikaliacha hapo.

Wiki ya nne Flora alivuta kiti akakaa pembeni yangu nikafungua ripoti. Kurasa za kambi zilikuwa zimetokea mara mia mbili na kidogo, chini kabisa, baada ya hoteli kubwa zote. Zilikuwa zimefunguliwa mara tatu.

"Mmoja kati ya hao watatu ni mimi," nikakiri. "Nilitaka kuona kama picha imekaa sawa."

Ukurasa wa Kansay ulikuwa umetokea mara arobaini na moja. Ulikuwa umefunguliwa mara kumi na tisa.

Flora akasogeza kiti. "Fungua maneno yao."

Nikafungua. Hakukuwa na wawili walioandika sawa. Mmoja aliuliza kama inawezekana kuliona ziwa Eyasi kutoka juu bila gari. Mwingine aliuliza matembezi ya siku moja Karatu mbali na watalii. Mwingine alitaka njia za wachungaji. Mwingine aliuliza mahali pa kimya karibu na Ngorongoro. Na mmoja alikuwa ameandika sentensi nzima, kama anaongea na mtu aliyekaa mbele yake: baba yangu alifundisha shule ya Kansay zamani, nawezaje kupaona.

Ndiyo maana programu iliweka kistari. Kila mtu alikuwa ameuliza kwa maneno yake, peke yake, na peke yake alikuwa amepita kwenye tundu la chekeche. Kundi moja nililihesabu mara saba, na maswali arobaini na moja hayakuwa yamehesabiwa hata mara moja.

Nilinyanyuka nikatoka nje kama ile siku ya kwanza. Yule aliyemwandikia mtambo habari za baba yake, nilijaribu kumwazia. Yuko wapi, amekaa kwenye kitanda au jikoni, kulikuwa na mtu yeyote karibu wa kumuuliza? Hakuwa naye, ndiyo maana aliuliza hewa. Na hewa ikamleta kwenye ukurasa niliouandika nikiwa na matope ya Kansay kwenye viatu. Nimeona mambo mengi kwa kutembea kwangu. Sijaona jambo kubwa kuliko lile.

"Sasa nenda," Flora akasema mlangoni.

Nilikwenda, lakini kwa uoga wangu nilikuwa nimechelewa. Kikao kilikuwa kimewahishwa kwa sababu mnunuzi alikuwa na haraka, na Mama Eliza alikuwa ameshatangulia Kansay kupika. Kwa hiyo nilimkuta uani, ndugu zaidi ya kumi wamekaa kwenye viti na magogo, sala imeshasemwa, na Sulle amesimama.

"Huyu hapa mwenye namba," akasema. "Shemeji, toa karatasi asome."

Mama Eliza akafungua kitabu cha nyimbo. Karatasi yangu ilikuwa imenyooka kwa kukaa humo. Akanipa kwa mikono miwili.

Nikasoma elfu saba. Halafu nikasema, "Si kweli. Nilikosea." Nikaeleza yote, gunia moja lililohesabiwa mara saba, na kurasa tano nilizoziandika, nne za kambi zikiwa zimefunguliwa mara tatu tu. Sikuacha hata ile ya kwamba mmoja wa watatu nilikuwa mimi. Shangazi mmoja mzee akaanza kucheka, akajifuta macho kwa khanga.

Sulle hakucheka. "Tumekusanyika mavuno yakiwa uwanjani, uje utuambie hujui kuhesabu?"

"Ndiyo, mzee."

"Wewe ni mtu wa kuja. Ulikuja na lori, utaondoka na lori. Sisi tunabaki. Mnunuzi anakuja Jumatano, na vyumba vitajengwa. Namba yako hatuihitaji."

"Vyumba kumi vitakaa vitupu, mzee. Na shamba litakuwa limekwenda."

Mama Eliza alikuwa ananitazama, na sikuweza kuyakwepa macho yake.

"Umesema kurasa tano," akasema. "Nne za kambi. Ya tano ni ya nini?"

Nikamwambia. Nikawasomea yale maneno, swali moja moja, na mwisho lile la baba aliyefundisha shule.

"Arobaini na mmoja," akasema. "Wanataka nini hao?"

"Kupita hapa, Mama."

"Hapa wapi?"

"Hapa. Nyuma ya zizi, mpaka ukingoni."

Yule shangazi akauliza, "Watu wapande ndege, waje kuona njia ya mbuzi?"

"Mbuzi wenyewe hawakuichoka, shangazi," Mama Eliza akajibu, bila kuniondolea macho. "Msengi, namba ya kwanza ulinipotosha. Ya pili niiamini kwa nini?"

"Usiiamini. Mimi mwenyewe siiamini mpaka niwaone. Nipe msimu mmoja tu kabla hamjauza. Wasipokuja, nitampigia mimi huyo mnunuzi."

Akaikunja karatasi yangu, safari hii mara nyingi, mpaka ikawa ndogo kama punje ya mbaazi. "Msimu mmoja," akasema. Kwa kuwa kura ya mjane juu ya shamba la mumewe ilikuwa nzito pale, wengine wakafuata. Mnunuzi wa Arusha alinunua mahali pengine. Sulle alikaa mwaka mzima bila kunisalimia, na nilistahili.

Julai iliyofuata alikuja mwanamke mmoja wa umri wangu, na begi dogo. Ndiye yule wa baba aliyefundisha. Mama Eliza alimpeleka palipokuwa na shule, pamebaki mstari wa mawe ya msingi kwenye majani. Mwanamke akakaa juu ya mawe. Mimi nilikuwa mkalimani. Kisha Mama Eliza akaniambia, "Muulize kama baba yake ndiye mwalimu wa baiskeli. Ile yenye kengele mbili. Tulikuwa tunaisikia tukiwa bado mbali, tunakimbia."

Nikauliza. Yule mwanamke akaweka mkono mdomoni. Halafu akasema kengele moja iko kwao, kwenye dirisha la jikoni, na hawakuwahi kujua ya pili ilikwenda wapi.

Wakaja wengine. Hawakuwa wengi, hawakuwahi kuwa wengi. Wawili, watatu, mmoja aliyelala siku tano bila kuuliza chochote. Mwaka uliofuata Mama Eliza alijenga vyumba viwili palepale Kansay, vya tofali na paa la bati, madirisha yanatazama kaburi na njia. Wageni wake wa mjini aliwaita wageni. Hawa wa Kansay aliwaita sifuri. "Msengi, leo nina sifuri watatu, niletee sukari." Shamba halikutajwa tena kwenye kikao.

Najua kwamba sasa kazi imegeuka. Watu wanauliza mashine, mashine inajibu yenyewe, na ukurasa wako haufunguliwi. Programu zenyewe zinabahatisha kuliko zamani. Mtapima kwa njia ambazo mimi sizijui. Lakini kila mtakapopewa namba, ulizeni ni gunia gani, na kabla hamjampa mtu namba ya kuuzia shamba, ng'oeni jaruba moja kwa mikono yenu.

Niliondoka Karatu asubuhi moja ya mwezi wa tisa. Hakuna aliyenifukuza. Miguu iliwasha, na Flora alikuwa na watu wawili dukani waliokuwa wanaelewa mambo kabla sijamaliza kuyaeleza. Nilipita Kansay kuaga, lori likinisubiri barabarani. Mama Eliza alinipa chai na viazi, na begi la mbaazi la kwenda nalo, ingawa hakujua ninakwenda wapi, na mimi sikujua.

"Namba inasemaje mwezi huu?" akauliza, kama miaka yote.

Nikatoa simu nikaiuliza programu ile njia ya Kansay. "Bado ni sifuri, Mama."

Akasimama mlangoni, akatazama chini. Watu watano walikuwa wanapanda kijia cha kutoka barabarani, mmoja akitembea kwa fimbo, na mbele yao Sulle, amevaa kofia ya jua, anawaonyesha jiwe la kuotea jua asubuhi. Mama Eliza akawahesabu kwa kidole, taratibu, midomo ikicheza, akaingia ndani kuongeza vikombe.

Nikabeba begi langu nikashuka. Sulle aliponifikia alisimama.

"Lori?"

"Lori, mzee."

"Si nilisema," akasema, na akanipa mkono.

Kijia pale ni chembamba. Nikasogea kwenye majani nikawapisha wale watano, na kila mmoja aliponipita nilimsalimia peke yake.